Gari Litawabebesha

Swali la saba la moduli ya sita nililipata. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani sikufundishwa.

Swali lilikuwa hivi: mfanyakazi wako amepinga uamuzi wako mbele ya wenzake, tena kwa mzaha, utafanya nini? Majibu yalikuwa manne. Mkaripie. Mpuuze. Cheka naye mambo yaishe. Mwite pembeni umuulize anamaanisha nini. Nikabonyeza la nne, alama ya vema ikatokea kwa rangi ya kijani, na mwalimu wa kwenye video, mwanamume wa Dar es Salaam mwenye koti la bluu na sauti laini, akanipongeza. Nikajisemea, swali gani hili la kitoto.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Prisila aliletwa Alhamisi.

Mimi naitwa Zamda, mzaliwa wa Gongoni, Tabora mjini, Mnyamwezi kwa baba na kwa mama. Kazi yangu ni utabibu, na wakati huo nilikuwa nakaimu nafasi ya mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo cha afya, kwenye kituo kimoja kilichoko ng'ambo ya Kwihara, ukishaivuka mbuga, lile bonde la mpunga. Barua ilikuja kutoka juu kwamba makaimu wote tumalize kozi ya mtandaoni ya uongozi na kufanya maamuzi, moduli nane, mwisho Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Asiyemaliza atarudi kwenye nafasi yake ya zamani. Mtandao kwetu ulishika sehemu moja tu, nyuma ya maabara, karibu na tangi la maji. Kwa hiyo wiki mbili nzima nilisimama pale juani na simu nimeinyanyua mbele ya uso, wagonjwa wakidhani nasoma meseji za mapenzi.

Kozi ile niliitaka kuliko barua ilivyonitaka. Maana mimi naogopa kuamua. Kutibu siogopi, malaria ni malaria na kidonda ni kidonda. Lakini niulize geti lipakwe rangi gani, nitakuomba siku mbili, na siku ya tatu nitakuuliza wewe unaonaje. Mwezi uliotangulia niliita gari la wagonjwa la mjini kwa mama mmoja niliyehisi atahitaji upasuaji. Nikaghairi. Nikaita tena. Gari lilipofika, mama alikuwa ameshajifungua salama na anakunywa uji. Wale wa mjini walinitazama, wakalitazama lile bakuli la uji, wakageuza gari bila kuaga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jina la Dokta Ngoja lilianza siku hiyo. Aliyelianzisha ni Abasi, dereva wetu.

Abasi ni Mzaramo wa Kisarawe, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walibeba pembe na mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, wakipita kwa akina Abasi, wakagombana nao na kupatana nao mpaka ikawa hakuna tusi linaloumiza baina yao. Mtani anaweza kukuita mbwa mbele ya mkweo, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Tena mtani haombi kitu, anachukua. Shangazi yangu wa Lusu alikuwa akinitumia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa mpaka vikakauka, nami niliviweka mezani kwenye bakuli. Abasi aliingia bila hodi, akatia mkono, akajaza mfuko wa shati, akatoka akisema, "Chakula cha wapagazi hiki, basi tu njaa haina adabu." Nami namjibu, "Kula, Mzaramo, shamba la baba yako si uliliuza ukacheze ngoma." Kituo kizima kinacheka. Ikipita siku Abasi hajaniibia matobolwa, naona kituo kimepoa.

Jumatatu hiyohiyo, nikiwa bado kwenye tangi, alipita na tambara la grisi mkononi.

"We mpagazi," akasema, "gari lako limechoka. Klachi imebaki jina. Siku si nyingi litawabebesha, na nyie ndiyo kazi yenu."

"Mzaramo akisikia safari, gari linaugua," nikamjibu bila kuinua macho. Nilikuwa nimefika swali la nane.

Jumanne alirudia wakati wa chai, mbele ya watu. Alisimama katikati ya ukumbi, akaweka ndoo begani, akatembea ameinama kama mtu aliyelemewa, akituonyesha jinsi Wanyamwezi tutakavyokwenda mjini na mgonjwa begani. Tulicheka mpaka Sista Apolinaria, ambaye si mwepesi wa kucheka, akamwaga chai. Apolinaria ni muuguzi mkunga, ana miaka ishirini na sita ya kazi, na kila mtu alitegemea yeye ndiye apewe ukuu wa kituo. Hakuwahi kunionyesha kinyongo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiona kinyongo pasipokuwapo, na kila alipokaa kimya nilidhani ananihesabia makosa.

Jumatano nilifungua moduli ya saba. Mwalimu wa koti la bluu alisema kuamua vizuri kuna hatua tano: tambua tatizo, kusanya taarifa, pima njia zilizopo, amua, kisha simama na uamuzi wako. Akatazama moja kwa moja kwenye kamera akasema, "Kiongozi bora hayumbi." Nilihisi ananisema mimi, na uji wangu, na gari la watu. Nikayaandika maneno hayo kwenye karatasi kwa kalamu nene, nikayabandika ukutani juu ya meza yangu.

Abasi alipoingia kuchukua matobolwa aliisoma karatasi ile kwa sauti. "Kiongozi bora hayumbi. Sawa. Na gari je?"

Nikamrushia kifuniko cha bakuli. Alikidaka, akaenda zake anacheka.

Alhamisi saa mbili asubuhi, mvua ya usiku imekatika, pikipiki ikaingia getini na mwanamke katikati, mumewe nyuma amemkumbatia asianguke. Huyo ndiye Prisila. Mumewe anaitwa Felisiani Nijimbere. Ni watu wa Ulyankulu, wa zile familia zilizotoka Burundi zamani, na walikuwa wamehamia kwetu mwaka huohuo kulima tumbaku. Mimba ilikuwa ya kwanza. Uchungu ulianza jana yake mchana.

Apolinaria alimpima, nami nikapima baada yake. Hatukuhitaji kuambizana. Mtoto alikuwa amelala kukingama, kichwa ubavuni, na chupa ya uzazi ilishapasuka. Mtoto wa namna hiyo hatoki bila kisu, na kwetu chumba cha upasuaji kilikuwa bado matofali yaliyopangwa nyuma ya choo. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Tuliusikia wote wawili, ukienda mbio.

"Rufaa, mwanangu," Apolinaria akasema. "Sasa hivi."

Tatizo nimelitambua. Kusanya taarifa. Nikakimbilia kwenye tangi, nikapiga simu mjini. Gari lao lilikuwapo, likitoka mara moja litatufikia baada ya dakika hamsini, pengine saa nzima kwa jinsi mbuga ilivyolowa. Halafu lina safari ya kurudi. La kwetu lilikuwa pale uani, na kwa la kwetu mjini ni hizohizo dakika hamsini, bila kungoja. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu.

"Dokta, mnalihitaji au hamlihitaji?" yule wa simu akauliza. "Nina mgonjwa mwingine upande wa pili anasubiri."

Nikamwambia anisubiri kidogo. Neno "subiri" lilipotoka kinywani nilijichukia.

Nikarudi mbio ukumbini, simu sikioni ikikatakata. Prisila alikuwa ameshalazwa kwenye machela, Felisiani ameshika miguu ya machela kama anayeogopa itapeperuka. Abasi alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi.

"Abasi, mjini," nikasema.

Hakuondoka mlangoni. "Mpagazi," akasema, "mimi nakwambia, leo hili gari litawabebesha. Tafuteni mabega kabisa."

Mtu wa maabara akaangua kicheko. Apolinaria naye akacheka kidogo, kile kicheko cha pumzi cha mtu aliyechoka. Hata Felisiani alicheka. Mimi nilisikia kicheko kile nikapata nguvu, nikaona watu wananitazama, wanangoja kuona kama Dokta Ngoja atangoja.

"Mtani, washa gari," nikasema. "Kiongozi bora hayumbi."

Na kwenye simu nikasema, "Hatulihitaji. Asante."

Abasi alinitazama. Nakumbuka alivyonitazama, maana nimeyarudia macho yale mara nyingi kuliko nilivyorudia kitu chochote maishani. Alifungua kinywa, akakifunga, akaenda kuwasha gari.

Kwa dakika kumi na tano za kwanza nilikuwa na furaha. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa nyuma na Prisila, mkono mmoja kwenye dripu na mwingine tumboni kwake, na kila uchungu ulipopanda nilimwambia apumue. Kichwani nilikuwa naandika jibu la moduli ya nane, kwa sababu kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kueleza uamuzi mmoja mgumu uliowahi kuufanya. Nimepata uamuzi wangu, niliwaza.

Tuliingia mbugani. Pale njia inashuka, pande zote mbili ni mashamba ya mpunga, na udongo wake mweusi ukilowa unashika hata mguu wa ng'ombe. Abasi alipunguza, akabadili gia, gari likapanda kidogo, likasita. Injini ikanguruma kwa nguvu. Gari halikwenda. Akakanyaga tena, ikanguruma zaidi, na harufu ya kuungua ikaja mpaka nyuma.

Akazima. Akageuka kwenye kiti.

"Dokta," akasema. "Imekwisha."

Nilingoja. Nilingoja aongeze neno, lolote, mpagazi, ngoma, viazi. Hakuongeza. Tangu nimfahamu Abasi hakuwahi kuniita Dokta bila kuweka kitu mbele au nyuma yake. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilipiga simu mjini nikiwa nimesimama juu ya bampa. Gari lilishatumwa upande wa pili. "Mlisema hamlihitaji," yule wa simu akanikumbusha, bila ubaya, kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Likimshusha mgonjwa litageuza lije, ila mbugani halishuki, lisije nalo likakwama. Litatukuta Kwihara. Kutoka pale tulipokuwa, Kwihara ni mwendo wa saa nzima kwa miguu mikavu.

Felisiani aliinuka. Alifungua mlango wa nyuma, akaanza kuitoa machela.

Watu waliokuwa wakipalilia mpunga walitupa majembe. Walikuja wanne, mmoja mzee kabisa, wakatusalimu kwa haraka, "Mwangaluka," wakashika. Felisiani mbele, Abasi nyuma. Yule mzee akamwambia Abasi kwa wema, "Kijana, badilishana, wewe si wa kubeba," maana aliisikia lafudhi yake ya pwani. Abasi alikaza mshiko. Alikwenda ameinama, matope yamemfika magotini, na niliona ni mwendo uleule aliotuonyesha Jumanne na ndoo begani.

Mimi nilitembea pembeni na chupa ya dripu nimeinyanyua juu kama nilivyokuwa nainyanyua simu. Njia ile ndiyo ya misafara ya zamani. Babu wa babu yangu aliipita na mzigo kichwani, na nyumbani kwetu Gongoni hilo husemwa kwa kujisifu. Siku ile sikuona sifa yoyote. Nilikuwa nahesabu hatua, nikipoteza hesabu, nikianza upya.

"Mana yanje," Prisila alikuwa akisema kwa Kirundi, Mungu wangu, Mungu wangu, kila walipoteleza. Kisha alinishika kanga.

"Daktari, bado anacheza?"

Niliweka kiganja tumboni kwake. Machela ilikuwa inatikisika, damu yangu mwenyewe inanidunda vidoleni. Nilisikia kitu. Sijui nilisikia nini.

"Anacheza," nikamwambia.

Akafumba macho, akatulia kidogo. Nami nikaendelea kutembea na neno lile, nikiliuliza kila hatua kama ni kweli. Mara mbili nilitaka tusimame nisikilize kwa kipimo, na mara mbili nikaogopa nitakachokisikia, nikasema twendeni, twendeni. Wale watu wakadhani nina haraka tu.

Gari la mjini tulilikuta Kwihara, limegeuzwa tayari. Ilikuwa saa tano kasorobo. Abasi alisaidia kuingiza machela, akafunga mlango, akabaki barabarani na matope yake. Nilimwona kwenye kioo cha nyuma mpaka tulipokata kona.

Hospitalini walimpokea mlangoni wakamwingiza moja kwa moja. Mimi na Felisiani tulikaa kwenye benchi la saruji nje ya chumba cha upasuaji. Sikukaa sawasawa, nilikaa, nikasimama, nikaenda mpaka bombani, nikarudi. Felisiani alikuwa ameshika viatu vya Prisila, vile vya plastiki, anavisugua matope kwa kidole gumba. Alivisugua mpaka vikang'aa.

Muuguzi alitoka akiwa bado na kofia kichwani. "Mume wa Prisila? Mama yuko salama."

Akavua kofia. Mtu akikwambia nusu namna hiyo, na nusu nyingine umeshaisikia. Felisiani aliitikia kwa kichwa, mara nyingi mfululizo, kama anayekubaliana na jambo refu. Aliuliza kama ni wa kike au wa kiume. Wa kiume.

Mimi ni mganga. Nimewapa watu habari za misiba kwa miaka tisa, najua maneno yake yote. Siku hiyo nilisema "Felisiani", basi.

Aliviweka viatu sakafuni. Kisha akaniuliza, kwa adabu ile waliyonayo watu wa kwao, ya kuomba kwanza.

"Daktari, naomba kuuliza kitu. Yule dereva alisema gari litatubebesha."

"Ndiyo."

"Mimi nilimsikia. Nikaogopa, nikataka kumwambia mke wangu tusipande. Halafu nikaona nyie wote mnacheka, hata mama muuguzi anacheka. Nikasema wenyewe wanajua, mimi mgeni. Na mimi nikacheka."

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu, ningejua pa kuweka mikono. Aliuliza tu, akitaka kuelewa kitu cha ugenini ambacho hakukielewa. Na mimi, mwenye alama ya kijani kwenye swali la saba, sikuweza kumweleza. Ningemwambiaje kwamba kwetu sisi mtani hasikilizwi? Kwamba tumezoea kumjibu kabla hajamaliza?

Niliporudi kituoni jioni, Abasi alikuwa uani, amekaa kwenye tofali. Gari lilikuwa limevutwa kwa trekta, limesimama pale kama mzoga. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani, nikampelekea yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia kwa utani!"

"Tangu nije hapa," akasema taratibu, "lini mimi na wewe tumezungumza bila utani? Jumatatu nilikuja na tambara la grisi mkononi, nataka tuzungumze. Ulinijibu hukuniangalia. Nikaona basi nitakwambia kwa namna unayoisikia." Akapangusa uso. "Leo pale mlangoni nilitaka kusema tena, bila utani. Watu wanacheka, mgonjwa kalala, wewe umeshakata simu. Nikaona haya. Nikasema labda litafika, limeshawahi kufika."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Msemo ule tunaufundisha watoto wadogo. Niliingia ndani, nikalia kwenye stoo ya dawa ili watu wasinione.

Ijumaa asubuhi nilitakiwa kuandika taarifa ya tukio kwa wakubwa. Apolinaria aliingia na kitabu cha gari, akakiweka mbele yangu kimefunguliwa.

"Soma," akasema. "Dereva anatakiwa kuandika kila hitilafu humu. Wiki nzima hajaandika hata nukta. Kwa karatasi, gari lilikuwa zima. Wewe ulifuata utaratibu, mwanangu."

Niliutazama ukurasa. Ulikuwa mtupu kweli. Tatizo, taarifa, njia zilizopo. Mara moja nikaona yote yamejipanga, kama vile mwalimu wa koti la bluu kasimama nyuma yangu. Abasi angefukuzwa. Mimi ningepewa pole, na baada ya hapo barua ya kuthibitishwa. Na hakuna ambaye angesema nimedanganya, maana ukurasa ulikuwa mtupu kweli. Nilimwangalia Apolinaria nikijiuliza kama ananitega au ananihurumia. Nikaona hakuna mtego. Mama wa watu alikuwa hajalala, macho mekundu, naye pia alikuwa amecheka pale ukumbini na alilijua hilo.

Nilichukua kalamu. Sikuomba siku mbili. Niliandika kwamba dereva alinionya Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, mara mbili mbele ya mashahidi, kwamba hakuandika kitabuni na hilo ni kosa lake, na kwamba nilimsikia mara zote nne na nikaamua kutomsikia. Kwamba nililikataa gari la mjini kwa kinywa changu. Niliandika kwa mwandiko mkubwa, wa kusomeka na kila mtu. Apolinaria alisoma juu ya bega langu mpaka mwisho.

"Watakuvua cheo," akasema.

"Wanivue, mama."

Akakifunga kitabu cha gari, akaenda nacho wodini.

Saa kumi na moja jioni nilisimama kwenye tangi nikafungua moduli ya nane. Eleza uamuzi mmoja mgumu uliowahi kuufanya. Je, ni taarifa gani ulikuwa nayo ukaiacha? Maneno yasizidi mia moja na hamsini. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho niliandika kwamba mtoto wa kiume wa Felisiani Nijimbere alikuwa hai saa mbili asubuhi, nikaeleza yaliyofuata, nikatuma. Simu ikazungusha kile kiduara chake kwa dakika nzima, kisha ikaniandikia hongera, nimefaulu kwa asilimia tisini na moja, cheti kitakuja kwa barua pepe. Niliizima.

Jumapili shangazi alituma matobolwa kwa mtu wa basi. Jumatatu nikayaweka mezani, kwenye bakuli lilelile, nikaikalia kazi yangu ambayo sikujua ni yangu kwa siku ngapi. Nilikuwa nimeibandua ile karatasi ukutani. Kila mguu uliopita koridoni niliusikia. Nilikuwa nangoja, na safari hii nilijua ninachokingoja: mlango usukumwe bila hodi, mkono uingie bakulini, nitukanwe. Nilikuwa nimeshaliandaa jibu langu la shamba na ngoma. Hata tusi lingekuwa baya kiasi gani, ningelishukuru.

Saa nne mlango ukagongwa.

"Karibu," nikasema.

Abasi aliingia, akasimama karibu na kizingiti. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alieleza kwamba fundi kasema klachi itapatikana wiki ijayo, na safari hii alikuwa ameandika kitabuni, akanionyesha mstari. Nikasema vizuri. Akasema haya. Kisha macho yake yakaenda kwenye bakuli, na yangu yakayafuata, tukalitazama bakuli wote wawili.

"Dokta," akasema, "naomba kimoja."

Nikamwambia achukue. Akachukua kimoja, akashukuru, akatoka akafunga mlango polepole.